Behewa la 1885 na boksi lenye vipuri vya zama tatu

Shemeji aliliweka boksi juu ya meza ya jikoni kabla hata hajavua koti. Lilikuwa boksi la viatu lililofungwa kwa mpira uliokwisha kuoza, na ndani mlikuwa na behewa la abiria la mbao, la treni ya mfano, lililojengwa nusu likaachwa. Alilipata kwenye mnada wa vitu vya marehemu mmoja huku vijijini karibu na Lancaster, Pennsylvania, tunakoishi. Alilipa dola 8.

"Shem," akasema, "fundi mbao ni wewe. Nimalizie, nilitembeze nyuma ya injini yangu."

Injini yake naijua. Ni ya mvuke wa kizamani: magurudumu manne madogo mbele, manne makubwa nyuma, bomba la moshi limepanuka juu kama faneli. Iko kwenye meza chini ya nyumba yake, kwa kipimo cha HO, yaani 1 kwa 87. Futi moja ya kweli inakuwa milimita 3.5, na upana kati ya reli ni milimita 16.5. Kona zake ni kali, nusu kipenyo milimita 457, kwa sababu chumba chenyewe anagawana na mashine ya kufulia na baiskeli za watoto. Kona hizo zikumbukwe, zitarudi.

Kazi ilinichukua jioni za wiki sita. Msumeno, patasi na gundi vilikula wiki mbili tu. Zilizobaki ziliishia kwenye kuchagua: kipi kibaki, kipi kitoke, kipi kinunuliwe na kipi nichonge mwenyewe.

Nilimwaga kila kitu juu ya gazeti. Sakafu ilikuwapo, imenyooka, mbao nyeupe nyepesi ya basiwudi ambayo wajenzi wa modeli huku wanaipenda kwa kuwa nyuzi zake ni laini na haipasuki ovyo. Kuta mbili zilikuwapo, lakini hazikufanana. Paa lilikuwa vipande vipande. Ngazi nne za kupandia zilikuwa za chuma laini cha kumimina. Kisha palikuwa na kifuko cha plastiki, na humo ndimo mkanganyiko ulimolala. Kulikuwa na bogi mbili za behewa la mizigo, yaani vile vigari vya magurudumu vinavyobeba behewa kwa chini, zile ambazo ubavu wake ni vipande bapa vya chuma vilivyopindwa kama almasi. Kulikuwa na seti ya breki yenye matundu na mabomba kibao, nikaitambua mara moja: ni aina ya AB, iliyoanza kuwekwa kwenye mabehewa mapya ya mizigo Marekani mwaka 1933. Kulikuwa na mipira ya kupitishia mvuke wa kupasha joto, viungio vya plastiki vya bei rahisi vya kuunganishia mabehewa, na waya wa shaba mnene.

Marehemu huyo, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kutotupa kitu. Tatizo ni kwamba kila kipuri kina mwaka wake wa kuzaliwa, na humo ndani babu, baba na mjukuu walikuwa wamevalishwa shati moja.

"Tuanze na mwaka," nikamwambia shemeji. "Behewa hili ni la mwaka gani?"

"La zamani."

"Zamani ipi?"

Akacheka. "Shem, nani atajua?"

"Mimi nitajua. Na nikishakwambia, na wewe utajua."

Hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaojenga haya mambo. Wanaanza na duka: wanaona bogi nzuri, wanainunua, kisha wanatafuta behewa la kuiwekea. Mimi naanza na mwaka, kwa sababu mwaka ukishakaa, robo tatu ya maswali yanajijibu yenyewe.

Mwili wa behewa ulikuwa na ushahidi wake. Miisho yote miwili ilikuwa na vibaraza wazi, vile ambavyo abiria anapanda ngazi, anasimama nje kwenye upepo, ndipo anafungua mlango. Pullman, kampuni ya kutengeneza mabehewa, walianza kufunika vibaraza hivyo mwaka 1887, ili mtu avuke kutoka behewa hadi behewa bila kupigwa na mvua. Vibaraza wazi havikufa siku hiyo, treni za vituo vya karibu ziliendelea navyo miaka mingi, lakini dalili ilikuwa inatuvuta nyuma ya hapo. Paa nalo lilikuwa la ngazi mbili: katikati pana mgongo ulioinuka wenye vidirisha vidogo kila upande, vya kuingiza mwanga na kutolea moshi wa taa za mafuta. Paa la namna hiyo lilienea Marekani kuanzia miaka ya 1860. Kwa hiyo tulikuwa na kipindi cha miaka kama 20. Injini ya shemeji inakaa humo humo. Tukakubaliana 1885.

Mwaka huo ulitoa hukumu palepale kwa vitu vitatu. Breki ya AB ikatoka, ilikuja miaka 48 baadaye. Mipira ya mvuke ikatoka, maana behewa la kawaida la 1885 lilipashwa joto na jiko la makaa lililosimama ndani pamoja na abiria. Majiko hayo yalikuja kuchukiwa baada ya ajali za 1887. Mwezi Februari mwaka huo treni iliacha reli kwenye daraja huko Vermont, karibu na White River Junction, ikaanguka kwenye barafu, na majiko na taa vikawasha mabehewa ya mbao watu wakiwa wamenasa ndani. Mvuke wa kutoka kwenye injini ulishika kasi baada ya hapo. Behewa letu, miaka miwili kabla, linabaki na jiko lake na bomba lake la moshi linalotokea paani. Na bogi za mizigo zikatoka, lakini hizo nitazirudia.

Kwanza kuta. Ukuta mmoja ulikuwa na mistari ya wima iliyoachana milimita 0.8, mwingine milimita 1.6. Nadhani ukuta wa kwanza ulivunjika, naye akakata mwingine kwa mbao aliyokuwa nayo. Kwa macho ya haraka huoni kitu. Lakini zidisha mara 87: mistari ya 0.8 ni mbao zenye upana wa sentimita 7, mistari ya 1.6 ni mbao za sentimita 14. Mabehewa ya abiria ya miaka ya 1880 yalivikwa mbao nyembamba za wima, ulimi wa hii ukiingia kwenye mfereji wa ile, na wembamba huo ndio uliolipa behewa heshima ya samani. Mbao za sentimita 14 ni za behewa la kubebea ng'ombe. Ukimwonyesha mtu ukuta wa pili hatasema "mistari ni mipana", atasema "mbona kama ghala?" na hatajua kwa nini.

Basi nikaagiza kipande cha mbao yenye mistari ya 0.8. Ada ya posta ilizidi bei ya mbao.

Ukuta ule una madirisha 15. Fundi wa haraka atayachora na kuyatoboa, na hapo ndipo mbao yenye mistari inapomwadhibu: ukibonyeza patasi kwenye kona, ufa unakimbia kwenye mstari hadi chini, na ukuta umekwisha. Niliharibu kimoja kabla sijaacha ubishi. Halafu nikakumbuka kwamba behewa la kweli halikutobolewa madirisha. Lilisimamishwa nguzo, likavikwa mbao chini ya madirisha, likapigwa ubao mrefu juu yake, na dirisha ni nafasi iliyobaki. Nikafanya vivyo hivyo. Nilikata ukanda wa chini wenye mistari, urefu milimita 175, ambao ni futi 50. Nikakata ukanda wa juu usio na mistari, ule wa kuandikia jina la reli. Katikati nikapanga viguzo 16 vya milimita 3, kila kimoja nikikiweka kwa kibanio na kukisogeza kwa ncha ya pini hadi kiwe sawa na mwenzake wa ukuta wa zamani. Kazi ya jioni mbili. Hakuna kona hata moja iliyopasuka.

Kioo cha madirisha hayo ndicho kipuri pekee ambacho shemeji mwenyewe alikichagua, na alichagua vizuri. Plastiki nyembamba inayouzwa kwa kazi hii hujikunja ikikutana na gundi, na mwanga ukiipiga inaonekana kama mfuko wa nailoni. Yeye anafanya usafi usiku kwenye jengo la chuo, na huko aliona vile vioo vidogo vya kufunikia sampuli chini ya darubini. Ni kioo cha kweli, unene chini ya robo ya milimita. Tuliagiza pakiti moja ya vioo 100. Vinavunjika ukivitazama vibaya, lakini vikishakaa, taa ya dari inaakisi humo kama kwenye dirisha la nyumba.

Sasa bogi, ambapo niliteleza mimi mwenyewe.

Bogi ya mizigo ya 1885 na bogi ya abiria ya 1885 ni vitu viwili tofauti kama mkokoteni na kitanda cha springi. Ile ya mizigo ni vyuma bapa na springi fupi ngumu, mahindi hayalalamiki. Ya abiria ilikuwa ndefu zaidi, fremu yake ya miti minene iliyobanwa kwa chuma, na ndani kuna vyuma virefu vilivyolala juu ya ekseli zote mbili ili gurudumu moja likipanda mahali reli ilipoinuka, uzito ugawanywe na behewa lisirushwe. Katikati boriti inaning'inia na kuyumba kidogo kwenda pembeni. Ukikaa kwenye benchi la daraja la tatu kutoka Tabora kwenda Kigoma unajua thamani ya bogi nzuri kwa kiuno chako, si kwa kitabu. Hivyo nikatafuta bogi za fremu ya mbao, futi 7 kati ya ekseli na ekseli, nikazipata za plastiki iliyomiminwa vizuri hata vichwa vya bolti vinahesabika.

Magurudumu yanauzwa peke yake. Nikajiambia: behewa la abiria, inchi 36. Ndicho kila mtu anachokariri, kwamba mizigo ni inchi 33 na abiria ni 36. Nikaagiza, nikayaweka, nikasimamisha behewa kwenye reli na kuchukua kipimo. Katikati ya kiungio kunatakiwa kuwe juu ya reli milimita 9.9. Changu kilikuwa 10.3 na ushee. Nikafikiri nimekosea sakafu. Nikapasua kichwa usiku mzima, hadi nilipofanya hesabu ambayo ningeifanya mwanzo: gurudumu la inchi 33 kwa HO ni kipenyo cha milimita 9.6, la inchi 36 ni 10.5. Nusu ya tofauti ni milimita 0.44, ndiyo ileile iliyokuwa imeninyanyulia behewa. Zaidi ya hapo, kingo za magurudumu zilikuwa zinasugua sakafu kwenye kona, zikaacha vijistari vyeusi chini.

Na kihistoria nilikuwa nimekariri kanuni ya zama nyingine. Inchi 33 ndiyo iliyokuwa ya kawaida hata chini ya abiria kwa miaka mingi, na ile ya 36 ikachukua nafasi polepole kadiri mabehewa yalivyozidi kuwa mazito. Kwa behewa la futi 50 la mwaka wetu, 33 haina wa kuinyooshea kidole. Nikanunua tena.

Kuna jambo moja kuhusu magurudumu haya ambalo wauzaji hawalipigi baragumu: urefu wa ekseli. Ncha zake zimechongoka na zinakaa ndani ya vishimo kwenye ubavu wa bogi. Urefu wa kawaida ni karibu milimita 25.8, lakini mtengenezaji huyu anapunguza kidogo, yule anaongeza, na tofauti ya nusu milimita inatosha. Ndefu mno, bogi inatanuka na gurudumu linakwama. Fupi mno, linacheza na behewa linalala upande. Kipimo changu ni rahisi: napuliza. Gurudumu likizunguka kwa pumzi ya mdomo na kuendelea hadi nihesabu tano, limekubali. Ya pili yalikubali.

Kisha bogi moja niliifunga kwa skrubu izunguke tu bila kuyumba, na ya pili nikailegeza iyumbe pande zote. Kigoda cha miguu mitatu hakichezi hata kwenye sakafu mbovu. Mantiki ni ile ile.

Chini ya sakafu kulikuwa na suala la fito. Mbao ya futi 50 iliyobebwa kwenye miisho miwili italegea tumbo, haina ujanja. Kwa hiyo mabehewa ya mbao yalipitishiwa fito za chuma kutoka mwisho hadi mwisho. Zinashuka chini ya viguzo viwili katikati, na kila ufito una skrubu ya kukazia, ili fundi wa karakana akiona tumbo linashuka azungushe na kulinyanyua. Ufito wa kweli ulikuwa na unene kama wa milimita 32. Waya wa shaba uliokuwa kwenye kifuko ulikuwa 0.8, yaani ufito wa sentimita 7, mnene kuliko mkono wa mtoto. Na shaba inapitisha umeme. Kwenye HO umeme unapita relini, kulia na kushoto tofauti, na chuma kikigusa magurudumu ya pande zote mbili kona moja tu, treni nzima inasimama.

Nikachukua mshipi wa kuvulia wa milimita 0.36. Mshipi una ubishi wake: rangi haishiki mpaka uuparuze kwa msasa mlaini, na skrubu ndogo za plastiki inabidi uzitunge kama shanga kabla hujafunga ncha. Nikafunga mishipi minne, nikaivuta hadi ikalia kama uzi wa gambusi, nikaridhika, nikaenda kulala. Asubuhi sakafu ilikuwa imepanda mgongo, karibu milimita moja katikati. Usiku kucha mishipi minne ilikuwa inafanya kazi ileile ambayo fito za kweli zilifanya, ila hapakuwa na uzito wa kuipinga. Nilicheka peke yangu. Nikaikata, nikaifunga upya ikiwa imenyooka bila kukaza, sakafu ikarudi.

Breki sikununua. George Westinghouse alipata hakimiliki ya breki yake ya hewa mwaka 1869, na ile inayojifunga yenyewe bomba likikatika ilifuata miaka michache baadaye, kwa hiyo behewa la 1885 linatakiwa kuwa nayo. Lakini ilikuwa rahisi kwa sura: tangi la hewa, silinda, vali, na vyuma vya kuvuta. Kijiti cha duara cha milimita 5 kikapata kofia mbili za karatasi ngumu, kikawa tangi. Hakuna atakayelala chini kuangalia, isipokuwa mimi.

Ubishi mkubwa ulikuwa wa viungio. Mwaka 1885 mabehewa mengi Marekani, hasa ya mizigo, yaliunganishwa kwa pete na pini: mfanyakazi anasimama katikati ya mabehewa mawili yanayokaribiana, anaelekeza pete kwa mkono, anadondosha pini. Wengi waliacha vidole hapo, na wengine roho. Sheria ya kulazimisha viungio vinavyojifunga vyenyewe ilitiwa saini na Rais Benjamin Harrison tarehe 2 Machi 1893. Kwa hiyo ukifuata mwaka wetu kijinga, unaweka pete na pini, na shemeji atakuwa anaunganisha treni yake kwa kibanio na miwani. Mabehewa ya abiria yalikuwa pia na ndoana ya Ezra Miller, iliyokuja pamoja na kibaraza imara ili mabehewa yasiingiliane yakigongana. Ni nzuri kuitazama, ila hakuna itakayoshikana nayo kwenye meza ile.

Shemeji alitaka Kadee, viungio vya chuma vinavyojifunga vyenyewe, ambavyo meza nyingi za Marekani zinatumia. Vinashikana kama vidole vilivyokunjwa vya mikono miwili. "Lakini hivyo ni vya baada ya sheria," nikasema. "Tumeondoa breki ya 1933 kwa ajili ya mwaka, mimi na wewe tusigeukane sasa."

Jumamosi tukaenda Strasburg, mwendo mfupi kutoka mjini. Pale kuna makumbusho ya reli ya jimbo, na ng'ambo ya barabara kuna treni ya mvuke inayovuta mabehewa ya mbao yanayobeba watu hadi leo, kilomita kama 7 hadi Paradise, inapokutana na njia kuu ya zamani ya shirika la reli la Pennsylvania. Tulikata tiketi kama watalii, lakini wengine walipokuwa wakipiga picha injini, sisi tulichuchumaa kando ya njia tukitazama fito na ngazi. Mtoto mmoja alimwuliza mama yake tumeangusha nini.

Jibu lilitoka kwenye njia ile kuu. Eli Janney, aliyekuwa karani wa duka huko Alexandria, Virginia, alipata hakimiliki ya kiungio chake cha vidole mwaka 1873. Husimuliwa kwamba mfano wake aliuchonga kwa kisu cha mfukoni kutoka kwenye mti, habari ambayo fundi mbao hawezi kuisikia bila kutikisa kichwa kwa kuridhika. Na Pennsylvania walikianza mapema, kwenye mabehewa ya abiria, bado miaka ya 1870. Wakati wengine wanangoja sheria, wao walishakizoea.

Kwa hiyo mwaka haukutosha, tulihitaji na mwenye behewa. Likiwa la Pennsylvania, viungio vya vidole mwaka 1885 si uongo. Uwiano wa behewa letu si nakala ya mchoro wao wowote, hilo nakiri, lakini vipuri vyake sasa havigombani. Shemeji alinitazama kama mtu aliyeshinda kesi kwa wakili wa upande wa pili. Rangi nayo ikajichagua: ile nyekundu iliyoiva kuelekea kahawia ambayo shirika hilo lilijulikana nayo. Hatukuwa na la kujadili tena, nikapuliza tabaka tatu nyembamba juu ya praima ya kijivu.

Paa nitalipita haraka, ingawa lilinitoa jasho. Miisho ya ule mgongo wa juu inateremka na kupinda kufunika kibaraza, kama mdomo wa bata. Zinauzwa za plastiki, lakini hakuna iliyolingana na upana wa mgongo wetu, hivyo nilichonga mbili kwa basiwudi, nikipima kwa kigezo cha karatasi kila baada ya kupitisha msasa mara kumi. Moja imezidi kidogo. Sisemi ipi.

Ikabaki kulipima uzito. Chama cha wajenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kilichoanzishwa 1935, kina pendekezo ambalo wengi wanalifuata: kwa HO, aunsi moja ya kuanzia, kisha nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa letu pamoja na vibaraza ni milimita 196, inchi 7.7 hivi. Hesabu inatoa karibu gramu 138. Mizani ya jikoni ilisema 54. Mbao ni nyepesi, ndiyo sifa yake na ndiyo kasoro yake: behewa jepesi likivutwa kwenye kona linaanguka ndani kama mlevi. Nikabandika vipande vya risasi sakafuni, chini ya viti, karibu na bogi zote mbili kwa usawa, si juu na si mwisho mmoja. Viti vikafunika siri.

Jaribio la kwanza lilikwenda vizuri kwenye mstari ulionyooka. Kwenye kona likatoka relini, mara tatu, mahali pale pale. Hapa ndipo ile milimita 457 iliporudi. Bogi zimeachana milimita 126, kwa hiyo kwenye kona ile kila moja inageuka nyuzi karibu 8, na gurudumu la mwisho linasogea pembeni milimita 1.7. Nilipinda macho hadi usawa wa reli na kulisukuma kwa kidole: tk. Gurudumu lilikuwa linagonga mgongo wa ngazi.

Njia kuu ya reli ya kweli haina kona kama hiyo, ukiizidisha ni nusu kipenyo cha mita 40. Nilikuwa na njia mbili. Kupunguza ngazi kwa tupa, au kuzisogeza bogi ndani. Ngazi zinaonekana na kila mtu, ndizo sura ya kibaraza. Bogi zikisogea milimita 2 kila upande, ni sentimita 17 za kweli, na jicho halizioni kwa sababu hakuna kinachopakana nazo cha kuzilinganisha. Nikaziba tundu za skrubu kwa kijiti na gundi, nikatoboa mapya kwa keekee ya mkono. Shemeji hakupenda. Alisema nimedanganya kipimo baada ya kumhubiria wiki sita. Nilimwambia mwaka sijaudanganya, nimedanganya sentimita, na kama anataka ukweli kamili auze mashine ya kufulia apanue meza.

Tulilijaribu tena Jumapili jioni. Lilipita kona, likapita tena kinyumenyume, likaungana na injini kwa mlio mdogo wa chuma bila mkono wa mtu. Mke wangu alishuka na chai, akatazama raundi mbili, akauliza kwa nini bomba la jiko haliko katikati ya paa. Nikamweleza kwamba jiko linakaa pembeni karibu na mlango. Akasema sawa, na chai inapoa.

Shemeji alikuwa ameokota kile kifuko cha plastiki, anageuzageuza zile bogi za almasi na breki ya AB. "Na hizi, shem? Si tunajenga la mizigo?"

"Bogi hizo ni za zamani. Breki hiyo ni ya 1933. Hata zenyewe kwa zenyewe haziendani."

Akafikiri kidogo. "Kwa hiyo," akasema, "mabehewa mawili."